Grafu Iliyotoka na Bwana Salumu

Nilisikia mguno kabla sijaona kitu. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya projekta, nimeupa ukuta mgongo, nashikilia waya wa umeme uliokuwa ukilegea kila jenereta ilipokohoa, na mguno ule ukaanzia kwenye mabenchi ya akina mama, ukaenda kwa wazee, ukarudi tena kwa akina mama: mmmh ndefu ya chini, ile ambayo watu wa huku hawaitoi kwa jambo jema. Mimi, mjinga mimi, nikadhani wameguswa. Nikajisemea, Gasto, leo umewapata.

Basi niseme mapema tusipotezeane muda: niliaibika, na nilimwaibisha dada yangu mbele ya kijiji kizima, ndani ya ukumbi wa kanisa, mchana kweupe (ingawa humo ndani tulikuwa tumetia giza kwa vitenge madirishani, nitafika huko). Mkiniona nasimulia huku nacheka msidanganyike, hasira bado ninayo. Nina hasira na programu ya kompyuta, nina hasira na kioo, nina hasira na watu wazima wenye akili zao waliotazama jibu la maji wanayokunywa watoto wao wakaona kofia. Na mimi mwenyewe nimo katika hasira hiyo, ila nimejipanga mwisho wa foleni.

Dada yangu anaitwa Skolastika, nyumbani tunamwita Skola, na kazi yake ni kupima maji. Anafanya katika maabara ndogo ya mtu binafsi mjini Mbinga, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye maabara anakaa Songea na huonekana kwa nadra kama mgeni. Mwenye duka, na mwenye jengo lote, ni Bwana Salumu, mzee mpole ambaye babu yake alitoka Kilwa kuja kununua kahawa akasahau kurudi. Na Bwana Salumu huyo huyo (hapa ndipo mjumbe wa shetani alipoweka kiti chake akaketi) ana mtambo wa kumenya na kuosha kahawa mbivu kule milimani, upande unaoteremkia Ziwa Nyasa, na kijito kinachopita chini ya mtambo ule ndicho kinachoshuka hadi kijiji kimoja jirani na Kihagara, ambako watu walikuwa wamejengewa bomba zuri linalochota kijito hicho, na mabomba yamefukiwa, na vituo vimesakafiwa, na koki zote zimefungwa.

Zilifungwa na wanakijiji wenyewe. Msimu uliotangulia maji yalikuja na rangi ya chai na harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza, wakaapa hawayanywi mpaka yapimwe. Bwana Salumu akachimba mashimo ya kuchuja maji ya mtambo, akayaonyesha kwa kila aliyetaka kuyaona, lakini kiapo ni kiapo. Kwa hiyo watu wakaendelea kuchota ziwani, pale pale wanapofulia, wanapoogea, wanapooshea dagaa wa usipa na kuegeshea mitumbwi, na watoto wakaendelea kuharisha. Kamati ya maji ya kijiji, chini ya mwenyekiti wake Mama Anjela, ikaiomba maabara ya Mbinga ipime. Skola akaenda mwenyewe, akaingia kijitoni mwenyewe hadi magotini, juu ya mtambo na chini ya mtambo, akabeba chupa zake ndani ya boksi la barafu kama mtu aliyebeba kichanga, akapima. Maji yalikuwa safi. Kilichobaki ni kwenda kuwaambia mkutanoni: wakimwamini Skola, koki zinafunguliwa, wasipomwamini, watoto waendelee kunywa ziwa la kufulia. Ni hilo tu lilikuwa mezani.

Sasa mimi nilitafuta nini humo, mtauliza, na mna haki. Skola aliniomba nimsaidie kupanga maneno. Alisema, wewe si ndiye mwandishi. Yeye mpango wake ulikuwa mdogo na wa maana: jedwali la namba kwenye karatasi ya manila, alibandike ukutani, alieleze, aondoke. Mimi nikalitazama lile jedwali kama ninyi waandishi wenzangu mnavyotazama utangulizi ulioandikwa na mwanasiasa. Nikamwambia watu hawaguswi na namba, watu wanaguswa na picha. Nikamwambia mengi, nadhani nilitaja hata moyo wa binadamu.

Akaniwashia mashine ili ninyamaze. Ni kisanduku tu, mnatia maji kwenye kichupa cha kioo, kinapitisha mwanga ndani ya maji, na kompyuta ya pembeni inachora mstari: maji yakiwa na uchafu wa maganda mstari unapanda, yakiwa safi unalala. Akanionyesha vipimo vya msimu uliotangulia. Mstari wa kijani ukapanda juu ya weusi wa skrini, mkali, umechongoka, kama ukingo wa milima ya Umatengo ukiutazama jua likiwa limeshajificha nyuma yake. Kisha akanionyesha wa msimu huu. Umelala. Umelala namna ziwa linavyolala asubuhi kabla upepo haujaamka, na mtumbwi mmoja hauthubutu kulikwaruza. Nilipenda, sifichi. Mwaka jana mlima, mwaka huu ziwa. Nikaona tayari watu wa ufukweni wakilia kwa furaha, na mimi nikiwa nimesimama kando kwa unyenyekevu.

Nikasema, dada, nipe huo mstari niuweke kwenye slaidi.

Na hapa naomba mniruhusu nikasirike vizuri. Ni nani aliyekaa kitako akatengeneza programu inayochora mstari mzuri kiasi kile, halafu akaukataza kutoka nje? Kitufe cha kuutoa kipo, nimekiona, lakini kimefifia rangi ya majivu, ukikibonyeza ni kama kumsalimia mtu aliyekununia, kwa sababu leseni iliisha na mwenye maabara kule Songea alisema mashine si inapima, leseni ya nini. Nikajaribu kunakili na kubandika kwenye andiko. Kikatokea kisanduku cheusi tupu, sawa na picha ya usiku bila taa. Nikaamuru ichapishe, ikaulizia printa ambayo Skola alisema ilikufa kabla yeye hajaajiriwa, na ikagoma kabisa kuambiwa habari za msiba. Flashi hairuhusiwi kuchomekwa pale, kwa sababu flashi ya mtu iliwahi kuleta kirusi kikala vipimo vyote. Nikaenda kununua mpya, nikamfungulia pakiti mbele ya macho yake, akakubali kwa shingo upande, nikahifadhi faili, nikalipeleka kwenye laptopu yangu, nayo laptopu ikaniuliza ningependa kulifungua kwa kutumia nini, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Kitufe cha kupiga picha skrini hakikuwepo kwenye kibodi, kiling'oka zamani, pamebaki kishimo chenye vumbi. (Najua kuna njia nyingine. Nimeshaambiwa na kila mwenye kompyuta katika mkoa wa Ruvuma, asanteni.)

Skola alikuwa amekaa kando yangu ananitazama kwa subira ya muuguzi. Akasema, "Gasto, namba hizi hapa. Ziandike kwenye laptopu yako, uchore upya. Ni kazi ya nusu saa."

Nusu saa. Nikamwambia mstari wa kuchora upya hautakuwa ule, utakuwa nakala isiyo na roho. Nikachomoa simu. Huo ndio uamuzi mdogo ninaousimulia leo: nilichomoa simu nipige picha skrini, kama anavyofanya kila mtu mwenye haraka katika nchi hii, ofisini, hospitalini, benki, kila mahali.

Nilipokuwa natafuta kimo kizuri cha kuishikia simu, mlango wa nyuma ukafunguliwa na Bwana Salumu akaingia. Huja kila siku mchana kumjulia Skola hali, na huleta chochote kilichopikwa kwake. Siku ile zilikuwa sambusa. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku na ile mingine ya vitambaa haifai kwa mafuta, sambusa zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, ile ndefu ambayo mtambo wake hutumia kutilia sampuli za kahawa. Akasimama nyuma ya kiti cha Skola, akanyoosha mkono juu ya bega lake, akasema, "Chukua mwanangu, zikiwa za moto," Skola akageuka kidogo, akacheka, akapokea. Na mimi nikabonyeza.

Sikuona kitu. Wallahi sikuona. Skrini ya kompyuta ile ni ya kioo king'aacho, programu inachora juu ya weusi, na weusi juu ya kioo si kitu kingine ila kioo cha kujitazamia, lakini kwenye simu niliona mstari wangu tu, umefifia kidogo. Tukala sambusa. Jioni yake, nilipokuwa napanga slaidi, nikaona mstari hauna nguvu, nikabonyeza kile kitufe cha simu kinachoboresha picha chenyewe, kinachopandisha mwanga mahali penye giza. Mstari ukawaka kama nyasi mbichi. Nikaridhika. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI YENU YANASEMA KWELI. Chini yake: Mwaka jana mlima, mwaka huu ziwa. Skola alipoiona asubuhi garini, kwenye laptopu iliyokuwa ikirukaruka magotini, jua likipiga kwenye skrini, alisema tu herufi ni kubwa mno. Tukapita Kitai, tukameza vumbi la malori ya makaa ya mawe ya Ngaka mpaka ulimi ukawa na ladha ya jivu, tukateremkia ziwani, na njia nzima nilikuwa najiona nimefanya jambo.

Ukumbi ulijaa. Wakaomba, wakaimba, wakasalimia wageni mmoja mmoja. Bwana Salumu alikuwa amealikwa kama mwenye mtambo, alikuja kwa gari lake, akawekwa benchi la mbele na kanzu yake na ile kofia yake ya nakshi za buluu. Akina mama wakatundika vitenge madirishani ili picha ionekane. Skola akaeleza alivyochota, alivyopima, akaeleza vizuri, wakamsikiliza. Kisha akasema, mdogo wangu atawaonyesha. Nikapiga magoti, nikashika waya, nikabonyeza, nikasikia mguno.

Nilipogeuka, ukutani kulikuwa na mstari wa kijani umelala kwa amani yake yote, na nyuma ya mstari, mkubwa kuliko alivyo, ameangukiwa na mwanga wa mlango kama mtakatifu dirishani, alikuwa amesimama Bwana Salumu. Kofia ile ile. Mbele yake Skola, amegeuza uso nusu, anacheka. Na kati yao, imenyooka juu ya bega la dada yangu, bahasha ya kaki. Imevimba.

Sijui kama mnaelewa bahasha ya kaki ni nini mbele ya watu waliokwishazungushwa na ofisi nyingi. Huhitaji kuwaeleza.

Aliyesema kwanza ni Barnaba, mvuvi mmoja mrefu mwenye ulimi wa wembe, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesimama ukutani kwa sababu mabenchi yalijaa. Akauliza kwa adabu sana, "Mtaalamu, samahani. Huyo mzee aliyemo ndani ya maji yetu ni nani?"

Ukumbi ukacheka, kicheko kibaya, na vichwa vyote vikageuka kwenye benchi la mbele, ambako mzee mwenyewe alikuwa anajitazama ukutani kinywa wazi. Maskini akasimama. Angekaa tu. Akasema, ndugu zangu, hizo zilikuwa sambusa. Lo, mngesikia. Kuna mama aliyejiinamia mpaka kilemba kikadondoka. Barnaba akasema, "Sambusa za nyama gani hizo, mzee, zinazosafisha maji?"

Nikaona lazima nimtetee. Mimi ndiye niliyekuwepo, mimi ndiye shahidi, na maneno ndiyo kazi yangu. Nikasimama, nikapaza sauti, nikasema ni kweli kabisa, hata mimi nilikuwepo, na kilichokuwemo ndani ya bahasha tuligawana sote watatu pale pale juu ya meza. Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu. Mbele ya projekta, huku mwanga wake umenichora kivuli kirefu kando ya Bwana Salumu, tukawa watatu kamili ukutani.

Skola akaniambia kwa sauti ndogo nizime. Ningezima pale, pengine jedwali lake lingetuokoa, alikuwa ameshaanza kulikunjua. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, na mwandishi akipandwa na hasira huamini kwamba maelezo zaidi yatasaidia. Barnaba akasema basi ikuze tuone umbo la sambusa. Nikaikuza. Niliamini kabisa pembe tatu zitaonekana. Mstari wa kijani ukatoka nje ya picha, maji yakatoka, jibu lote tulilolifuata likatoka, ikabaki bahasha peke yake imejaa ukuta, na juu ya bahasha maandishi makubwa ambayo hayakusomeka.

Mtu wa nyuma akasema, yamegeuzwa ili tusisome.

Jamani. Kioo hugeuza maandishi, kila mtu aliyewahi kujitazama amevaa fulana yenye maneno anajua. Nikawaambia. Wakaguna. Nikasema, haya, nitaigeuza msome, mwone hakuna siri, na nikaigeuza, na herufi zikajipanga sawa, nyekundu, wazi, kubwa kama za bango la mkutano: SALUMU.

Baada ya hapo hakukuwa na kicheko. Kicheko ningekikumbuka kwa wema. Ilibaki jenereta tu. Skola alikwenda mbele ya ukuta, bahasha ikamwangukia usoni, akainua jedwali lake kwa mikono miwili na kusema namba ni zile zile, alizichukua mwenyewe, hazijui nani amesimama mlangoni. Hakupaza sauti.

Mama Anjela akainuka. Ni mama wa makamo aliyekauka vizuri, anaanika usipa, mikono yake ina rangi ya fedha mpaka kwenye viwiko, na hata Barnaba humwita mama ingawa hawapitani sana kwa umri. Alisema, "Mwanangu, namba unazisoma wewe. Picha tumeiona wenyewe."

Kuna siku nitamsamehe kwa sentensi ile. Ilikuwa yangu. Ni mimi niliyemwambia Skola, kule maabarani, kwa mbwembwe, kwamba watu huamini wanachokiona. Na sasa ilikuwa inarudi kutoka kinywani mwa mama mwenye kanga, na ilikuwa kweli, na ilitumika kufunga bomba. Wakaamua koki zibaki zilivyo. Wakaomba, maana mkutano ulianza kwa sala lazima uishe kwa sala, wakatuombea safari njema, wakatupa wageni wao usipa mkavu wa kubeba, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa mwizi. Nje tulikutana na wasichana wanapanda kutoka ziwani, ndoo kichwani, wanapita mbele ya kituo kipya cha maji bila kukitazama.

Bwana Salumu alitaka kuturudisha kwa gari lake. Skola akamshukuru, akakataa, tukasubiri gari la abiria kwenye vumbi. Mpaka tunaingia Mbinga alisema jambo moja tu, na hakuniangalia alipolisema: kwamba ilikuwa kazi ya nusu saa.

Nilikuwa na majibu. Njia nzima nilikuwa nayatunga. Hakuna hata mtu mmoja katika ukumbi ule aliyeuliza mstari unasema nini! Walimwona mwanamke aliyeingia kwenye maji ya baridi kwa ajili yao, wakamsikia akieleza hatua kwa hatua, kisha kivuli cha sambusa kikamfuta. Na yule aliyeitengeneza programu, popote alipo, amekaa kwenye kiti kinachozunguka, hajui na hatajua kwamba kitufe chake cha rangi ya majivu kimenyima watu maji. Na mwenye maabara wa Songea alipopigiwa simu kuelezwa aliuliza tu kama mashine ni nzima. Nilikuwa na hasira ya kuwatosha watu wote hao. Lakini nilipofika nyumbani nikafungua simu niifute ile picha, nikaitazama kwanza, na katikati kabisa, mahali ambapo hakuna aliyepatazama ukumbini kwa sababu palikuwa peusi mno, nikaona umbo la mtu amejiinamia, simu usoni, hana sura. Anatafuta kimo kizuri.

Habari hupanda mlima haraka kuliko malori. Mjini watu wakaanza kuniuliza kama nina bahasha. Kikundi kimoja cha wakulima kilichokuwa kilete maji yake kwa Skola kikaamua kwenda Songea. Kingine hakikutoa sababu. Skola hakulalamika. Alinipa kazi: kila grafu ya maabara ile, ya nyuma na ya mbele, niandike namba zake kwa mkono wangu na kuichora upya kwenye laptopu, na nimefanya, na nitawaambia kitu ambacho kinaniuma kukisema mbele yenu wenzangu wa kalamu: ule mstari uliochorwa upya haukukosa roho. Ulikuwa mstari ule ule. Tangu hapo sijainua simu mbele ya skrini yoyote, hata ya televisheni, na nimeapa sitainua. Mtu akitaka kunionyesha picha aliyoipiga kwenye kompyuta namwambia anisomee namba.

Siku moja asubuhi nilikuwa pale mezani nachora, Skola anaosha vichupa, tukasikia hodi. Alikuwa Mama Anjela. Peke yake, na vumbi la njia nzima limemkaa kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunipa jicho. Akafungua kanga kiunoni, akatoa chupa iliyofungwa mdomo kwa uzi mwekundu uliozungushwa mara nyingi, fundo juu ya fundo. Akasema ameyachota mwenyewe kwenye kijito, chini ya mtambo, na uzi ameufunga mwenyewe na ataufungua mwenyewe.

Skola akamkaribisha kiti. Akasema atasimama. Nikamletea chai. Akasema siku ya leo hatakula wala kunywa kitu cha nyumba hii, nisichukie. Akauliza nani mwingine huingia humu. Skola akaenda akafunga mlango wa nyuma kwa komeo, akarudi, akakausha mikono.

Uzi ulimchukua muda. Hatukumsaidia. Kisha Skola akamwelekeza atie maji mwenyewe kwenye kichupa, akishike upande usiopitisha mwanga, akipanguse, akiingize, afunge kifuniko. Na akamfundisha wapi abonyeze. Akabonyeza kwa kidole kile chenye rangi ya fedha. Mashine ikanguruma kidogo na mstari ukaanza kutoka upande wa kushoto wa weusi, polepole, kijani, sisi watatu tumeukodolea macho kama watu wanaosubiri mtu mlangoni mwa wodi.

Ulilala. Ukalala mpaka mwisho.

Mama Anjela akauliza ule mlima wa mwaka jana ulikuwa umefika wapi. Skola akamwonyesha, juu, karibu na ukingo wa skrini. Mama akaweka kidole pale juu, kisha akakiteremsha hadi kwenye mstari, akaufuata juu ya kioo tangu mwanzo hadi mwisho bila haraka, namna mtu anavyopapasa mshono wa nguo kabla hajainunua. Kioo kilimwonyesha na yeye, na mimi nyuma yake, na Skola. Alituona, nina hakika, kwa sababu alisimamisha kidole kidogo. Kisha akaendelea.

"Koki zitafunguliwa Jumapili, tukitoka ibadani," akasema. "Nitawaambia nimeona."

Ningenyamaza. Skola alinikazia macho ninyamaze. Lakini nikamuuliza, "Na dada yangu, mama? Yeye mtamwambia nini?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hakukasirika. "Baba, mimi sikuja kuomba radhi kwa niaba ya ukumbi mzima. Nilikuja kuona maji." Akageuka kwa Skola, akasita, akamshika mkono ule uliolowa, akaushika muda mrefu kuliko salamu. "Mwezi ujao nitaleta mengine. Nitakuletea wewe."

Skola akasema ndiyo mama. Akamrudishia chupa. Mama Anjela akaukusanya uzi wake mwekundu kutoka mezani, akauviringisha kidoleni, akafunga kanga, akatuaga kila mmoja kwa jina, akatoka, na mlango akauvuta mwenyewe nyuma yake, taratibu, mpaka kitasa kikaingia.